Mama Mkwe Kwenye Mafunzo

Shoga, nimedhalilika leo, sijui hata nianzie wapi.

Si unajua haya mafunzo yangu ya kutathmini miradi ya wafadhili? Mkufunzi kaleta mnufaika wa mradi wa cherehani ili tujifunze kuhoji. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe. Yule yule.

Na zamu ya kuhoji ilikuwa yangu.

Nikauliza: "Mama, mradi umebadilisha nini nyumbani kwako?"

"Mradi haujabadilisha kitu. Aliyebadilika ni mwanangu, tangu aoe huyu anayeniuliza."

Mbele ya darasa zima, shoga. "Tangu aoe huyu."

Nikafungua mdomo nimjibu, mkufunzi akanikatiza: "Usibishane na mhojiwa. Andika alichosema."

Nikaandika, neno kwa neno.

Nimeshampigia mume wangu. Nimemwambia: "Mama yako akija Jumapili, utampikia mwenyewe."