Mwalimu Oyugi na Kozi Aliyoifuta Mwenyewe

Whitney, uko wapi? Banange, Oyugi amejimaliza mwenyewe, tena mbele ya walimu wote!

Si unajua mwezi mzima alikuwa anapanga upya namba za kozi za chuo? Leo kaingia mkutanoni na tai nyekundu, akasema: "Kozi isiyo na mwanafunzi ifutwe. Hakuna huruma!"

Hakuna huruma, Whitney! Huku anamkodolea macho Mwalimu Firdaus, kwa sababu ya ile kozi yake ya kuoka keki yenye wanafunzi wachache.

Orodha ikasomwa, walimu wakanyoosha mikono kuipitisha, yeye wa kwanza. Sheikh Uthman akasoma dua ya kufunga mkutano, na unajua pale kwetu dua ikishasomwa, hakuna kinachofunguliwa tena mpaka muhula ujao.

Ndipo mkuu wa chuo akauliza polepole: "Mwalimu Oyugi, kozi yako ya Takwimu mbona siioni?"

Siioni! Kumbe alishawahamishia wanafunzi wake kwenye namba mpya, halafu akawahesabu kwa namba ya zamani. Akakuta sifuri. Akaifuta kozi nzima! Wanafunzi arobaini na wawili, maskini bambi, na mwalimu wao hana kozi.

Jasho lilimtoka mpaka tai ikalowa. Akamgeukia Sheikh: "Dua haiwezi kurudishwa?" Sheikh akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Sasa hivi kasimama kwenye korido na Firdaus, sauti ya chini kabisa, anauliza kama kwenye keki hahitajiki msaidizi.

Firdaus kamjibu: "Njoo Jumatatu, Mwalimu. Aproni uje nayo."