Hapana Mbili za Saint Paul

Ijumaa, 8 Machi 2024

Dolores ameuza nyumba. Kaniambia leo, tukiwa katikati ya kula samaki. Anahamia Arizona kwa mwanawe, magoti yamemshinda. Mnunuzi anataka ghorofa zote mbili zikiwa tupu mwisho wa Aprili — yake ya chini na yangu ya juu. Nusu ya maisha ya binti yangu Camille nimeishi juu ya kichwa cha mwanamke huyu.

Nikampa hongera. Tukaendelea kula. Milwaukee samaki wa Ijumaa haachwi apoe, hata kama nyumba imeuzwa.

Ulipokuja mkate mweusi, Dolores akanisogezea sahani. "Unataka? Unataka? Unataka? Haya, hiyo ya tatu. Chukua, bibi wewe." Utani wake wa miaka yote. Anajua kwamba kule nilikozaliwa, Saint Paul, mtu mwenye adabu hukataa mara mbili na kupokea ya tatu. Sisi tuliopokea ya kwanza, Mama alitufinya chini ya meza. Huku ukisema hapana, sahani inaondoka. Mwaka wangu wa kwanza Milwaukee nilikonda.

"Nenda Saint Paul kwa Camille," akasema. "Ana chumba cha chini, kimekaa bure."

Nikamwambia hajanialika.

"Basi jialike."


Jumapili, 10 Machi

Camille kapiga simu. Dolores kamwambia, hilo halina shaka. "Mama, njoo ukae siku chache. Uangalie mji." Kuangalia mji! Mji niliouhama nikiwa na miaka kumi na sita, na kitanda changu juu ya lori.

Nimeshindwa kutulia. Nimepanga vitabu, nimevipangua. Nikaenda ziwani. Mwaka huu halikuganda. Ziwa la Milwaukee halina ng'ambo. Unaliangalia mpaka macho yanachoka, na maji bado yanaendelea. Nikarudi kwa kupitia nyumba za matofali ya rangi ya malai. Kila pembe ina baa, na ndani mwanamke wa miaka themanini anakaa peke yake na gazeti na glasi ya brandi, hakuna anayemhurumia. Hilo ndilo nitakalolikosa. Mashimo ya barabara, hapana. Wala basi la jioni ambalo huja likipenda.


Jumatano, 13 Machi

Saint Paul. Treni ilichelewa, nikafika jana usiku nimekauka kama biskuti.

Leo Camille yuko kazini, nimetembea peke yangu. Katikati ya mji unapita kutoka jengo hadi jengo kwa vijia vya vioo vilivyo juu ya barabara, bila koti. Maktaba ina viti vya kuegemea na taa za kusomea. Treni ya mjini inafika kwa wakati wake. Maziwa ya huku ni madogo, unalizunguka moja na kurudi ulipoanzia, na njia imefagiliwa. Kila mtu anakupisha. Hakuna anayekusemesha. Milwaukee ningekuwa nimeshasikia habari za nyonga zinazouma za watu watatu.

Asubuhi, akinimiminia chai: "Mama, kile chumba cha chini ni chako ukikitaka."

"Hapana, mwanangu. Utabanwa."

Hapana ya kwanza.


Alhamisi, 14 Machi

Tumesimama kwenye daraja lililo juu ya barabara kuu. Chini yetu ilikuwa Rondo, mtaa wetu. Nikamwonyesha: jiko letu lilikuwa pale hewani, juu ya lile lori la bluu. Kanisa kule. Kinyozi hapa, chini ya nguzo. Tulipobomolewa nyumba huku ipite barabara hii, tukakimbilia Milwaukee, na miaka michache baadaye Milwaukee nayo ikapitisha barabara kuu mtaani kwetu. Kwa hiyo katika hilo miji yangu miwili imetoka sare.

Camille hakucheka. Taratibu akanishika kiwiko. "Mama, nilisema kweli kuhusu chumba. Kina mlango wake. Dirisha linaelekea bustani."

"Nisije nikakusumbua."

"Sawa," akasema. Tukarudi garini.

Ya pili. Nimekula vizuri sana leo. Nimeshachagua ukuta wa kabati la vitabu kule chini.


Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi Camille hakukitaja chumba.

Jioni tulikwenda kula samaki kanisani, chini, kwenye ukumbi. Samaki mzuri, lakini bila brandi. Kipande cha mwisho kilibaki katikati ya meza yetu. Wazee sita tukakiangalia, kila mmoja akakikata nusu, nusu ya nusu, hakuna aliyekimaliza. Nikajiona niko nyumbani kabisa. Camille, ambaye Milwaukee ndiyo iliyomlea, akanyoosha uma akakila. "Kwani mlikuwa mnakilinda?"

Wote tukacheka. Nikaingoja ya tatu mpaka mlangoni, mpaka garini, mpaka ngazini. Akanitakia usiku mwema.


Jumamosi, 16 Machi

Wakati wa chakula: kuna muuguzi kijana kutoka Duluth anatafuta chumba. Kakiona kile cha chini, kakipenda. Camille atamjibu kesho jioni.

Nikauliza kama msichana ana adabu.

"Anayo. Mama, mbona umekunja uso? Si umesema hutaki? Nimekuuliza mara mbili."

"Nimesema."

"Basi. Sitaki kukuburuta. Najua unaipenda Milwaukee yako."

Nilijifungia bafuni nikampigia Dolores. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe Odessa! Mtoto umemlea huku, halafu unamtega kwa mitego ya huko? Nani alimfundisha kusema anachotaka mara moja?"

Mimi. Nilimfundisha mimi, akiwa na miaka mitano, ili sahani zisimpite kama zilivyonipita. Hiyo ya tatu nimeingoja kwa mtu ambaye hajui kuwa ipo.


Jumapili, 17 Machi

Stesheni. Treni ya Milwaukee imechelewa tena, nashukuru. Ukumbi umejaa kofia za kijani za sikukuu ya Waairishi.

Garini nilifungua mdomo mara mbili. Ya kwanza nikasifu treni ya mjini. Ya pili nikasema Milwaukee kuna mkate bora. Camille akasema, "Ndiyo, Mama," kwa sauti ya mtu anayehesabu taa za barabarani.

Sentensi yenyewe ni fupi: nakitaka chumba. Nimekuwa msahihishaji wa vitabu kwa miaka arobaini, na sioni cha kukata wala cha kuongeza. Inakwama tu. Nasikia vidole vya Mama chini ya meza.

Tulipokaa aliniuliza kama nataka kahawa. Hapana. Kweli, Mama? Usijisumbue. Akaondoka kwenda kujinunulia yake.

Wametangaza treni. Watu wanasimama.

Namwona anakuja, anapenya katikati ya kofia. Ana vikombe viwili. Kimoja kina maziwa, na Camille hanywi maziwa.

Nitaanza na kahawa, kisha chumba.