Injini Ikinyamaza

Jumatano, 9 Januari

Leo Gavril kazima lori. Tangu Oktoba lile Ural halijanyamaza, linanguruma nje ya dirisha la jikoni kama malori yote ya kijiji hiki, na leo mume wangu kanyoosha mkono akalizima. Baridi ya hamsini chini ya sifuri. Halafu akaingia ndani kunywa chai ya maziwa na uso wa bwana harusi.

Ni ile hita. Kaitoa kwenye vyuma chakavu vya jeshi, kaifunga mwenyewe wiki nzima. Chombo kama sufuria ndefu, kimelala mbele ya injini. Kinachoma dizeli kidogo, kinapasha moto yale maji ya buluu ya rejeta, yenye dawa ya kuzuia kuganda, maji yanazunguka na kuiamsha injini iliyoganda. Ndivyo anavyosema. Kwa hiyo hatuna haja tena ya kuunguza dizeli usiku kucha kwa ajili ya lori lililosimama.

Baba mkwe, Mzee Spiridon, alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Injini iliponyamaza aliuweka mkate chini.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Baba. Nimezima."

"Januari?"

"Januari, Baba. Kesho naiwasha kwa hita."

"Kwa samawari," alisema Mzee. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Sasa sicheki. Nyumba kimya mno. Nasikia saa ya ukutani. Namsikia Mzee anavyojigeuza kitandani.

Alhamisi, 10 Januari

Imewaka! Hita ilivuma nusu saa, moshi ukajaa uani, kisha injini ikashika mara moja. Gavril kamega mkate na siagi akautupa ndani ya jiko kuushukuru moto. Semyon wa jirani kaja kuangalia, akaondoka hana la kusema. Kwa Semyon hiyo ni sifa.

Lakini mchana nimemsikia Gavril kwenye simu na dada yake Marfa, aliye mjini. Habari ni zile zile. Mzee mwezi wa kumi na moja alitoka bila kofia. Mzee aliwapa ng'ombe unga wetu. Wamekubaliana: akitoka tena nje bila kujua anakokwenda, Gavril anampeleka kwa Marfa. Ghorofa ya tano. Joto la mabomba, hakuna jiko la kuni, hakuna ng'ombe, hakuna mtu wa kuzungumza naye Kisakha, lugha yetu, mchana kutwa. Gavril anasema ni kwa usalama wake. Mimi nasema atakaa dirishani hadi afe. Sijamwambia hivyo. Nilipaswa kumwambia.

Nilipoletwa hapa kama bi harusi sikujua hata kukamua. Mama mkwe alinicheka mbele ya wageni. Mzee ndiye aliyeshika ndoo akakaa kando yangu, akaniambia ng'ombe naye ananiogopa, tuzoeane taratibu.

Jumamosi, 12 Januari



Nilikuwa zizini nakamua. Gavril alikuwa kwa Semyon, kwenye bafu la mvuke. Lori limezimwa. Nilipotoka, giza lilikuwa linaingia, nikaona buti za sufu zimetokeza chini ya lori.

Mzee. Amelala chali kwenye theluji. Bila glavu! Amefungua koki ya chini, maji ya buluu yanamwagika na kutoa mvuke, na vidole vyake viwili vimenata kwenye chuma. Nilivipulizia hadi vikaachia. Ngozi ilibaki pale.

"Tayari," aliniambia. "Bloku haipasuki. Mwambie kamanda lori la tatu tayari."

Aliendesha malori ya jeshi mpakani kabla sijazaliwa. Enzi hizo rejeta ilikuwa na maji matupu ya mtoni. Injini ikizimwa tu, dereva anakimbia kuyamwaga kabla hayajaganda na kupasua bloku, mwili wa injini. Aliyechelewa alifikishwa mbele ya wakubwa. Mikono yake haijasahau.

Ndani, nikimfunga vidole, akili ilimrudia. Niliona macho yakirudi. Aliangalia bandeji, akaangalia dirisha.

"Varvara mwanangu. Nimefanya nini?"

Nikamwambia. Kisha akaniomba nisimwambie Gavril.

Nimefukia lile doa la buluu kwa theluji. Lakini hita iko kavu. Gavril akiiwasha kesho bila maji ndani, moto utaitoboa na hapo hatuna hita tena, na lori limeganda, na mzigo wa makaa ya shule uko bandarini. Kumwambia siwezi. Kutomwambia siwezi pia.

Jumapili, 13 Januari

Nilisubiri hadi dakika ya mwisho, mwoga mimi. Alikuwa kwenye kiti cha dereva, kidole kiko kwenye swichi.

"Usiwashe. Nimeyamwaga mimi."

Nilisema nilisikia matone, nikaingia kuikaza koki, nikageuza kinyume. Alifoka. Alifoka hadi Semyon akatoka nje kusikiliza. Tangu lini naingia chini ya malori, nani kanituma, najua dawa ile inatoka mbali kiasi gani. Nilisimama nikameza yote. Mzee alikuwa dirishani.

Kulikuwa na dumu la akiba ghalani, dawa imekuwa nzito kama uji. Tumeipasha jikoni, tumemimina, hita imevuma, lori limewaka mchana. Kwenye chakula Gavril aliuliza vidole vya Baba vimepatwa na nini.

"Jiko," nikasema. "Alishika mlango wa jiko."

Mzee aliinamia supu. Sijawahi kumwona akila haraka namna ile.

Jumanne, 15 Januari

Betri dhaifu, Gavril hazimi. Lori linanguruma siku ya pili mfululizo. Mzee amelala usiku kucha kama mtoto aliyenyonya. Ameamka, amepasua kuni, ameniuliza kwa nini supu haina chumvi. Mzima kabisa.

Mzima kabisa. Kwa nini?

Alhamisi, 17 Januari

Nimejua. Na nimeharibu.

Gavril aliingia kula, akazima. Nilimtazama Mzee, si dirisha. Sauti ilipokatika kichwa chake kiliinuka. Hakuwa anafikiri. Mikono ilianza kutafuta buti. Nilimwita, "Baba," akanitazama kana kwamba mimi ni mtu wa posta. Gavril alipotoka kwenda ghalani, Mzee akasimama.

Ni kimya. Basi. Injini ikinguruma yuko nasi, ni mzee wa nyumba hii, ana maneno yake na utani wake. Ikinyamaza anasikia amri. Hata mwezi wa kumi na moja, ile siku ya kofia! Gavril alikuwa safarini na lori, umeme ulikatika, jenereta ya kijiji ikanyamaza, ndipo alipotoka. Miezi yote hii tunasema ni uzee, na hakuna aliyesikiliza anachosikiliza yeye.

Nikafanya ujinga. Nilizificha buti nyuma ya pipa la barafu ya maji ya kunywa, nikidhani atakaa. Nikageuka kuokoa maziwa yaliyokuwa yanachemka. Mlango ukagonga.

Alitoka na soksi tu.

Gavril ndiye aliyemkuta. Alimbeba ndani mikononi, Mzee anapiga mateke, anasema bloku, bloku itapasuka. Tulimsugua miguu. Vidole vyote vinahisi, ashukuriwe Mungu. Gavril hakufoka safari hii. Alikaa sakafuni ameshika miguu ya baba yake ndani ya shati lake, tumboni, muda mrefu. Kisha akainuka akampigia Marfa.

Jumamosi. Wanaondoka Jumamosi, pakipambazuka.

Buti nilizificha mimi. Sijui nitaishi vipi na hilo.

Ijumaa, 18 Januari

Nimepakia mfuko wa Mzee. Mashati mawili, sweta, kisu chake, kikombe cha bati. Kisu nimekitoa, Marfa hatakitaka. Nimekirudisha.

Nilimfuata Gavril ghalani nikamwambia yote. Kwamba ni kimya kinachomtoa. Kwamba asizime tena lori, Mzee atalala, atakuwa sawa. Akaniuliza dizeli ya kulingurumisha hadi Aprili ataitoa wapi, mwaka huu ambao lori la mafuta limechelewa na kituo kinampa kila mtu kwa kipimo. Na akiwa safarini? Nikasema akiwa safarini lori halipo, hakuna cha kumwaga, na umeme usipokatika Mzee hulala.

Kisha nikasema na lile la maji ya buluu. Sikuwa mimi.

"Najua," alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Koki ile ina kutu. Mimi naifungua kwa spana. Wewe hata mtungi wa jemu unaniletea mimi nikufungulie." Aliendelea kukunja kamba. "Nilisubiri uniambie, Varvara. Siku tano."

"Ungempeleka."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika mkono. Sikufanya lolote. Tulisimama pale kama wageni wawili waliokutana dukani. Mwishowe akasema Baba angekufa jana, dakika chache tu zingetosha, na hilo hawezi kulisubiri mara ya pili. Hana kosa. Ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 19 Januari

Bado giza. Hita inavuma. Nimeoka mkate, nimekaanga samaki. Mzee amevaa koti zuri, medali hakuziweka. Anajua anakokwenda. Aliniambia nisisahau yule ng'ombe mwekundu, chuchu ya nyuma inapasuka kwa baridi, nipake mafuta. Nikasema ndiyo, Baba. Akasema tena.

Injini imewaka. Gavril kaulisha moto, kipande kikubwa kuliko kawaida.

Baadaye kidogo. Kumekucha, ukungu mzito, nyumba ya Semyon haionekani. Naandika mezani kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Gavril aliingia kuchukua mfuko. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini, anaisikiliza injini. Ametulia. Alimwambia mwanawe silinda moja inakohoa, aiangalie akifika mjini. Gavril akasema ataiangalia. Akasimama pale, mfuko mkononi. Akaurudisha chini. Akatoka.

Injini ikanyamaza.

Nilisimama nikashika mlango, niko tayari kumzuia hata kwa mwili. Mzee aliinuka, uso ule ule wa Alhamisi. Lakini mlango ulifunguliwa kutoka nje. Gavril, na ndoo mbili.

"Baba, vaa glavu. Maji bado ya moto."

Mzee alimtazama. Sijui alimwona nani, mwanawe au kamanda. Alivaa glavu, moja baada ya nyingine, polepole, kwa ajili ya bandeji. Gavril alimfunga kofia kidevuni. Wakatoka pamoja.

Nimekwangua barafu ya dirishani. Nawaona. Mzee yuko chini ya lori, juu ya ngozi ya farasi ambayo Gavril amemtandikia. Gavril amepiga magoti, ameshika ndoo. Mvuke unawafunika, kisha unawafunua. Mzee anaelekeza kitu kwa kidole na Gavril anasogeza ndoo.

Gavril ameleta ndoo ya kwanza, buluu, imejaa. Kaiweka kando ya jiko ili maji yasipoe kabla ya kurudishwa kwenye rejeta. Nilimwuliza, mnaondoka au hamwondoki? Alisema maji hayajaisha, akachukua ndoo tupu akatoka.

Mfuko uko pale pale mlangoni. Simu inalia, ni Marfa, anataka kujua wameshafika wapi. Nimeiacha ilie. Nasogeza ndoo karibu zaidi na moto.