Wimbo wa Masunga

Jumapili, 27 Aprili

Nafua sare za bendi tangu nitoke Misa. Tope la Mang'ula halitoki. Nyeupe zimekuwa rangi ya chai. Gaude amelala, sauti imemkauka, nimemchemshia tangawizi. Mdogo wangu huyu nimemlea mimi tangu mama afariki. Leo ana mvi kidevuni na bado namchemshia tangawizi.

Harusi ya jana ilifana. Sisi Lumemo Jazi tunapiga sangula, ngoma ya kwetu. Gaude anaimba, mimi na wenzangu tunaitikia. Mtu akija mbele kumtunza noti, Gaude sharti amtaje jina na kumsifu papo hapo, maneno anayatoa kichwani. Jana alikuja Mzee Masunga, mfugaji, rafiki wa baba wa bibi harusi. Mtu mpole tu. Gaude akampandisha: Masunga simba wa bonde, bonde lote malisho yako, ng'ombe wako nani awazuie? Nasi tukaitikia, nani awazuie, nani awazuie. Watu walicheka mpaka machozi. Wakulima watupu, na ndio waliocheza kuliko wote. Simu zote juu.

Asante Mungu kwa riziki.

Jumatano, 30 Aprili

Kipande kile cha Masunga kimesambaa kwenye simu. Bodaboda wanakipiga. Sokoni muuza dagaa kaniamkia, "Shikamoo, Mama Nani Awazuie." Nimecheka. Gaude anajiona mfalme. Mazoezi hayakwenda, kila mtu macho kwenye simu.

Jumatatu, 5 Mei

Sina nguvu za kuandika.

Filbert, mume wa Skola. Skola naimba naye sauti ya pili kwaya, na jumuiya yetu ni moja. Jana mchana ng'ombe waliingia shambani kwao, mpunga umeshainama, ulikuwa wa kuvuna karibuni. Filbert akaenda kuwatoa. Vijana wachungaji wakampiga fimbo za kichwa. Yuko hospitali, hajitambui.

Linaloniua ni hili. Alipowauliza nani kawaruhusu, walimjibu kwa wimbo wetu. Walimwimbia huku wanacheka. Skola alikuwepo. Alisikia.

Polisi wamesema ng'ombe si wa Masunga. Hakuna anayetaka kusikia hilo.

Jumatano, 7 Mei

Nimepeleka uji wodini. Skola hakuinuka.

"Dada Rozi, rudi na chupa yako."

Nikamwambia, mdogo wangu, ule ni wimbo tu, wa kuchangamsha harusi.

"Ndio kitu cha mwisho mume wangu alichosikia. Kamwambie Gaude umechangamsha."

Uji nimerudi nao. Nimeumwaga.

Ijumaa, 9 Mei

Shughuli ya bendi kule Sanje imefutwa. Ya kipaimara nayo. Jana kuna mtu karusha jiwe juu ya bati letu. Ndugu zake Filbert wanasema mgonjwa wao akifa, Gaude asionekane hapa Ifakara. Wanasema waziwazi, dukani, mbele za watu.

Nasali Rozari. Namwomba Mama Maria Filbert apone. Na sijui namwombea Filbert au namwombea Gaude.

Mzee Masunga amekuja. Nimempa kiti, maji hakuyagusa. Amemwomba Gaude ajirekodi, aseme kwamba yeye Masunga maneno yale hakuyaomba. "Nilikutunza kwa furaha ya harusi, mwanangu. Sikununua bonde. Sasa hata wajukuu zangu hawaendi shule, wanaogopa njiani."

Gaude hakumwangalia usoni. "Kweli hukuniomba, mzee. Hata ng'ombe wenyewe sikuwafikiria. Nilitaka watu wapige makofi."

Akajirekodi, akayasema hayo hayo. Kipande hiki hakuna anayekisambaza.

Jumapili, 11 Mei

Filbert amefariki alfajiri. Katekista ametangaza kwenye Misa ya kwanza. Watu wakageuka kuniangalia.

Nimemwambia Gaude apande basi aende popote. Amekataa. Anasema atakwenda kuzika. Nimemtukana matusi ambayo sijawahi kuyatamka. Mungu anisamehe. Nimekula nusu sahani nikashindwa.

Jumanne, 13 Mei

Tumemzika.

Gaude alivaa shati jeusi. Mimi nyuma yake, hatua kwa hatua. Nilijua watamuua, nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba narudi nyumbani na maiti.

Kabla jeneza halijashushwa, kaka yake Filbert akamwita mbele. "Mwimbaji, njoo. Uimbe ule ule."

Katekista akasema jamani, hapa ni makaburini. Hakuna aliyemjali.

Gaude akaimba. Bila ngoma, bila gitaa. Masunga simba wa bonde. Sauti nyembamba kama ya mtoto anayeumwa. Alipofika nani awazuie, kwa mazoea akanyamaza, akatuachia nafasi ya kuitikia. Mvua tu kwenye miamvuli. Nikafungua mdomo, sikutaka abaki peke yake pale.

Skola akanitazama. "Wewe nyamaza, dada. Amalize mwenyewe."

Akamaliza mwenyewe, mpaka mwisho. Kaka mtu akasema, "Haya, nenda."

Tukaondoka. Watu walitupisha njia, hakuna aliyemgusa. Nilidhani nikimrudisha mzima nitafurahi.

Alhamisi, 15 Mei

Gaude hasemi. Anakula akiambiwa.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekata. Kila upande wanavuna. Bendi imepata mwimbaji mwingine, katoka Mahenge. Sare ya Gaude nimeipiga pasi, nimeirudisha. Na yangu.

Skola ameanza kuja kwaya. Anasimama upande wa sauti ya kwanza, nami sauti ya pili nimebaki na wasichana wawili. Sijamsalimia. Naogopa asipoitika.

Gaude yuko Chita, anavuna kwa mtu. Leo kapiga simu. Anasema wavunaji wa huko wanaimba kutwa wakikata mpunga, jana wakamwomba naye aanzishe mmoja. Kawaambia kuimba hajui, yeye ni fundi baiskeli. Wameamini. Mmoja kamletea baiskeli aitengeneze, kahangaika nayo mpaka jioni.

Kaniomba nikimpigia nisimwite Gaude. Simu yake ina sauti kubwa, wenzake wanasikia.

Nimemwuliza, sasa tukuiteje?

Amesema bado hajafikiria.