Mlima Ninaoupanda Si Ule Anaoudhani Mume Wangu

Mpendwa Mama Hortense,

Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana nimebakiwa na wiki mbili tu na kichwa kimejaa, na kwa dada zangu siwezi kulipeleka jambo hili kwa sababu wao ndio wa kwanza kunisifu kwa kitu ambacho sikukifanya. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Shituru, hapa Likasi, nashona nguo, nina watoto watatu na mume mmoja mwema, Élie, anayefanya kazi kiwandani kwa zamu, na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa sikuwahi kumdanganya jambo la maana, nasema la maana kwa sababu yale madogo kila nyumba inayo.

Mwaka juzi daktari alinikuta na presha, akasema mashine ya kushonea imenikalisha mno, nitafute namna ya kuuchosha mwili, ndipo rafiki yangu Martine, ambaye ni mwalimu, akanipeleka kwenye kundi lao la watu wanaokwenda safari ndefu kwa kinga kwa kujifurahisha tu. Kinga ndivyo tunavyoiita baiskeli huku kwetu, wewe unajua, na unajua pia kwamba ukimwona mtu mzima na kinga kwenye barabara ya Kambove basi nyuma yake kuna magunia ya makala, yale makaa ya kupikia, ndiyo maana kundi lenyewe linajiita Kinga Bila Makala. Kuna walimu, muuguzi mmoja, na padri mstaafu ambaye kwenye mteremko hakamatiki. Siku ya kwanza niliona aibu, nilivaa suruali nikafunga kitenge juu yake, nikaomba nisikutane na mteja hata mmoja, lakini tulipofika juu ya kilima na upepo ukanipiga usoni, nikalia, Mama, nikalia nikiwa juu ya kinga, kwa sababu nilitambua kwamba tangu nizaliwe sikuwahi kwenda mahali popote bila kubeba kitu au kumpelekea mtu kitu.

Wenye makala tunakutana nao njiani, wanasukuma, jasho linawatiririka, na mmoja aliniuliza, "Mama, muzigo yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba mzigo ni mimi: "Muzigo njo minye mwenyewe!" Tukacheka wote wawili mpaka nikakosa pumzi.

Sasa sikiliza shida. Baba yake Élie alikuwa mtu wa makala, na siku moja kwenye mteremko wa barabara hiyohiyo breki zilikatika, kinga na magunia vikamwangukia, hakuinuka tena. Élie alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu nimjue anasema neno moja: "Mu nyumba yangu kinga haiingiaka. Kinga njo iliua baba." Hata mtoto wetu mkubwa alipoomba ya kwendea shule, alikataa, akamnunulia viatu. Kwa hiyo kinga yangu inalala kwa Martine, na mimi Jumamosi ya kwanza nilitoka nyumbani, nikamkuta Élie mlangoni anavua viatu vya kazi, akaniuliza, "Unaenda wapi asubui hii yote?" Nikasema, "Minaenda ku mulima na ba Martine."

Nilikuwa na maana ya kilima cha Kambove, kwa sababu kwenye kundi tunasema hivyo, leo tunapanda mulima, leo mulima umetupiga. Yeye akasikia mlima wa maombi, ule ambao watu wa kanisa wanaupanda kufunga na kumwita Mungu, maana kanisani kwetu mama akisema Jumamosi anakwenda ku mulima hakuna anayemuuliza ni upi. Niliona uso wake unalainika. Akasema, "Uniombee na minye." Na mimi, badala ya kusema hapana baba, si mlima huo, nikasema, "Ndiyo."

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Presha ikashuka, mwili ukapungua, nikawa narudi Jumamosi mchana na vumbi usoni na macho yanang'aa, kina mama wa kanisa wakaanza kusema huyu anafunga kweli, angalieni anavyong'aa, wakanipa hata kuongoza maombi ya Jumatano. Na jioni ya Jumamosi tukikaa mezani Élie alikuwa anakula kwa pupa, nikadhani ni uchovu wa zamu.

Mwezi wa sita tulikwenda Mwadingusha, siku mbili, safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya. Tulifika kwenye bwawa la huko mchana wa Jumamosi, matako yanawaka moto, tukalala kwa masista, na jioni wakatupikia bukari, ugali wetu, na samaki wabichi na pilipili, nikala samaki wawili, Mama, hata vichwa nilivinyonya. Mtandao wa simu haukuwepo. Nyumbani nilikuwa nimesema ni mulima ya siku mbili. Jumapili niliporudi jirani akanipokea njiani, akaniambia mume wako ameanguka kazini, yuko dispansari. Nilimkuta na dripu ya serumu mkononi, midomo imepasuka, nikamuuliza amekula nini tangu jana, akanijibu polepole kama mtu anayeona haya:

"Sikukula. Kila siku ya posho weye unafunga ku mulima, minye nitakula namna gani? Tunafunga wote."

Siku ya posho ni Jumamosi kwetu. Kila Jumamosi, Mama Hortense, mwaka mmoja na nusu! Daktari anasema tumbo lake lina vidonda. Kisha akanishika mkono akauliza, "Mulima ilikuwa namna gani?" Nikasema, "Ilikuwa muzuri," na vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka samaki.

Sasa mambo mawili yananikaba. La kwanza, Élie amempa pasta jina lake, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu atasimama mbele ya kanisa zima kushuhudia kwamba Mungu alishusha presha ya mke wake kwa sababu walifunga pamoja, yeye ambaye hajawahi kusema hata sala ya chakula kwa sauti. La pili, kundi letu mwezi wa nane linavuka mpaka pale Kasumbalesa, linashuka Zambia mpaka Livingstone kuona maporomoko makubwa, siku kumi na mbili za kinga, na jina langu liko kwenye orodha, sijawahi kutoka nje ya nchi hii na ninaitaka safari hiyo kwa moyo wote, sitakuficha. Nilimwambia Élie kuna mulima wa mbali mwezi wa nane. Akafurahi. Anasema ataomba konji, yaani likizo, kazini ili mara hii tupande wote.

Je, niiuze kinga ninyamaze, abaki na imani yake na ushuhuda wake? Au nimwambie, ajue kwamba alikaa na njaa kwa ajili ya matembezi yangu? Martine ananiambia nizikwe nalo, eti sikusema uongo: "Hukusema bongo, yeye njo alisikia mubaya." Je, ni uongo kama mimi nilisema kweli na yeye akasikia vingine?

Mama Shekina,
Shituru

MAMA HORTENSE ANAJIBU

Mama Shekina, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Kwamba sitakuhukumu, hilo sikuahidi.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Ndiyo, ni uongo. Uliposema "ku mulima" mlangoni lilikuwa neno lenye milima miwili ndani yake, jambo linalotokea Likasi kila siku. Uliposema "ndiyo" baada ya kuuona uso wake umelainika, likawa uongo, na tangu hapo umelilisha kila Jumamosi mpaka limenenepa kuliko wewe. Mwambie Martine kinga yake ni nzuri ila ushauri wake hauna breki.

Sasa nikutetee kidogo, maana unastahili. Mwanamke aliyefika miaka arobaini na sita ndipo akajua kwamba anaweza kwenda mahali mikono mitupu, mimi simwiti mwenye dhambi. Sentensi yako ile niliisoma mara mbili, nikaiweka barua chini, nikafikiria safari zangu zote na vikapu vyake. Kupenda barabara hakuna ubaya. Kutaka kuyaona maporomoko ya Zambia hakuna ubaya. Na kinga usiiuze, tafadhali, utaiuza Jumatatu na presha itarudi Ijumaa, halafu utakuwa na uongo wa pili na dawa za kumeza.

Lakini yule mtu wa makala alikuuliza mzigo wako uko wapi, ukamjibu kwa mzaha na mkacheka. Ulimjibu vibaya, dada yangu. Mzigo wako ulikuwa Shituru, umekaa jikoni na tumbo tupu, unatazama saa. Ulisafiri mwaka mmoja na nusu ukijiona mwepesi kwa sababu kuna mtu alikubebea.

Unaogopa kuivunja imani yake. Unaidhani nyembamba mno! Mtu anayefunga kwa ajili ya mke wake bila kumwambia, bila kutafuta sifa, huyo imani yake haining'inii kwenye kinga yako. Presha imeshuka. Kama Mungu aliisikiliza njaa ya Élie akakujibu kwa miguu yako, mimi ni nani nimfundishe Mungu kazi, na wewe ni nani umzuie mumeo kushukuru? Ila ashukuru kwa jambo analolijua. Hapo kanisani kuna mtu aliyekwisha kukuona na suruali kwenye barabara ya Kambove, usijidanganye. Njia ya mwongo ni fupi, na ikifika mwisho mbele ya kanisa zima watakayemcheka si wewe, ni yeye.

Kwa hiyo utamwambia leo. Mngoje atoke kazini, ale kwanza, lile tumbo lisipokee habari hii likiwa tupu. Watoto wawe nje, pasta asiwepo, na Martine zaidi ya wote asiwepo. Usianze na presha, usianze na daktari, na lile neno "ulisikia vibaya" ukilitoa tu umepotea. Anza na samaki. Mwambie: ile siku mbili ulipofunga mpaka ukaanguka, minye nilikuwa Mwadingusha, nilikula samaki wawili. Kisha nyamaza. Aulize yeye. Atakasirika, na ana haki, na labda atakaa siku kadhaa bila kukusemesha, uzivumilie. Nadhani kitakachomuuma zaidi hata si uongo, ni kinga yenyewe. Akianza kumsema baba yake, msikilize tu. Siku hiyo usiitetee kinga kwa neno hata moja. Katika barua yako yote umemweleza mkwe wako kwa mistari mitatu, na mteremko ule ulikuwa chini ya magurudumu yako kila Jumamosi. Umewahi kumuuliza Élie ni kona ipi?

Ushuhuda aamue mwenyewe. Akitaka kusimama, asimame. Akitaka kufuta jina, wewe ndiye utakayekwenda kwa pasta kueleza sababu, na maombi ya Jumatano uyarudishe kwa wanaofunga. Na wiki hii umpeleke hospitali kwa ajili ya vidonda, kufunga kwake kwishe mpaka daktari aseme.

Livingstone futa jina lako mwaka huu. Najua nimekuumiza hapo, na mimi mwenyewe imeniuma kuandika. Maporomoko yale hayana haraka. Konji ya mwezi wa nane mumeo anaiomba kwa ajili yako, huwezi kumwacha nayo mlangoni ukavuka Kasumbalesa. Mwakani utamwomba tena, na safari hiyo utaita kila kitu kwa jina lake: kinga, Zambia, siku kumi na mbili. Akikubali, atakuwa amekubali jambo lenyewe. Akikataa, niandikie, tutagombana naye wote wawili.

Majina yenu nimeyabadilisha, ila mlima siwezi kuubadilisha, na Shituru wanasoma gazeti. Usimwache akutane nao humu kabla ya kuusikia kinywani mwako.

Na ile konji, akiwa bado anataka kwenda na wewe, nendeni kwa miguu mpaka kwenye mteremko ule alipoanguka baba yake. Kinga uisukume kwa mkono au uiache nyumbani, aseme yeye. Ulimwambia unapanda mlima kuomba, basi panda. Asubuhi hiyo yeye anywe uji na dawa zake, wewe ufunge. Akuonyeshe mahali penyewe, mkae hapo kwa muda autakao, na hata njaa ikikubana vipi usitie kitu kinywani mpaka Élie mwenyewe akugeukie aseme, "Bibi yangu, tukule."