Daftari Jeusi la Tanuri

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Barua hii naomba ikukute umekaa, maana najua ule mguu ukiusimamia tangu asubuhi, jioni unakudai. Unaendeleaje nao? Na kikohozi, kimepungua tangu tanuri lako la chokaa lizimwe? Wifi yako anakusalimu sana, anasema usipokwenda kliniki atakuja kukubeba mgongoni. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Alhamisi tulimzika Beleshi, mchochea moto wako wa zamani. Watu hatukufika ishirini. Mjane wake aliniuliza kama umekuja, nikamjibu kama ulivyoagiza, kwamba mguu unakusumbua. Akasema hata yeye angekuwa na mguu wa namna hiyo angebaki nyumbani. Nyuma yangu walisimama wachimba mawe wako wa zamani. Mmoja akanong'ona kwamba marehemu alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kufikisha mzigo, na wenzake wakacheka kwa pua. Nilivua kofia nikatazama viatu vyangu.

Dada, kuna jambo nimelikalia mwaka mzima.

Unaikumbuka ile hesabu ya moshi. Wanunuzi wetu wa ng'ambo walikataa kuchukua ngozi za kiwanda mpaka wajue kila tunachotumia kilitoa hewa ya ukaa kiasi gani huko kilikotoka: chumvi, dawa, na ile chokaa yako ya kuondolea manyoya. Wakatuletea mtaalamu. Mimi, karani wa manunuzi, nikapewa kazi ya kukusanya fomu kwa wote wanaotuuzia. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu nusu. Mmoja aliandika tu kwamba moshi wake unaenda juu kama wa watu wengine.

Mtaalamu akatuelekeza. Asiyejibu kabisa, mwekeeni wastani wa matanuri yote. Na wastani huo ulitoka kwa wanaochoma makaa ya mawe na matairi chakavu. Aliyejibu nusu, kadirieni miezi inayokosekana kwa kutazama miezi iliyopo. Ila anayekadiria aandike maelezo, aweke sahihi, aseme anajuaje kwamba tanuri lile halibadiliki.

Wewe fomu ilikushinda, ukasema visanduku vile ni vya kufugia njiwa. Ukaamua kutuma daftari lenyewe, lile la jalada jeusi, unaloandika kila siku magunia ya maranda yaliyoingia motoni. Ukampa Beleshi alilete. Siku ya nne ukanipigia simu kuuliza kama limefika, nikasema sijamwona Beleshi wala daftari. Mwenyewe akaapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba amenikabidhi mkononi. Ukamwambia kwamba kati ya mdogo wako wa tumbo moja na mchochea moto, unajua wa kumwamini. Ukamwita mwongo, ukamfukuza, baada ya miaka kumi na tisa, tangu enzi za marehemu shemeji.

Kwenye orodha tanuri lako likaandikwa "hakujibu", likapewa wastani, likawa la kwanza kwa uchafu. Wewe unayechoma maranda! Lile la bondeni linalochoma matairi lilijaza fomu yote, kila kisanduku, kwa mwandiko wa kupendeza. Likaonekana safi, likapewa oda yako. Ukazima moto. Na Beleshi, kwa kukosa pa kwenda, akaenda kuchochea huko huko bondeni. Miezi saba tu, kifua kikammaliza.

Dada, daftari alilileta.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alikataa kukaa asije akaniachia kiti cheupe kwa chokaa. Alinitania kwamba nimenenepa, wino unanilipa kuliko moto. Kisha akalishika daftari kwa mikono miwili akasema yote yamo humo, hakuna pengo hata la siku moja. Alipoondoka nilipekua nikaona mwezi wa tano, halafu wa tisa. Miezi ile mitatu ulikuwa hospitali. Nikajisemea, mzee huyu kwa majigambo hajambo.

Ningeweza kukadiria. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini nilipoajiriwa niliweka sahihi kwamba sina ndugu kati ya wanaotuuzia, na mtaalamu angeniuliza nalijuaje tanuri lile vizuri hivyo. Nikaogopea kiti changu. Nikajidanganya kwamba natenda haki, kwamba simpendelei dada yangu. Nikalitia droo ya chini kabisa, nikaandika "hakujibu". Uliponipigia simu, ule uongo ulinitoka kabla hujamaliza kuuliza. Baadaye ukawa mkubwa, nikashindwa kuurudisha.

Jana nililitoa nikalichome. Nakwambia hata hilo. Jalada gumu haliungui upesi, nikaanza kung'oa la nyuma. Ndipo nikaona kurasa za nyuma zimeandikwa kichwa chini. Ni vijiti vya kuhesabia magunia, vitano vitano, siku baada ya siku: mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Hakuna siku iliyorukwa. Juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopinda, ameandika kwamba hataki kuchafua kurasa za Mama, ndivyo alivyokuita, kwa mwandiko wake mbaya, ndiyo maana ameanzia huku. Na chini ya kijiti cha mwisho: "Mama karudi leo. Moto haukuzimika."

Mwaka mzima lilikuwa kwenye droo yangu, Dada, nami sikuwahi kuligeuza.

Asubuhi hii nimempa meneja barua ya kueleza yote, na nakala ya kurasa zile nimempa mtaalamu. Ameniuliza kwa nini sikukadiria. Nimemwambia. Jumatatu wataniita. Wifi yako bado hajui, nitamwambia leo kabla hajasikia kwa jirani.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba uwaite wale uliomwita Beleshi mwongo mbele yao, wachimba mawe na wapakiaji, pale pale tanurini, na mjane awepo. Nitakuja nisimame nilisome daftari hili kwa sauti, mbele na nyuma, kisha nitaje aliyelificha. Ukisema nisikanyage kwako tena, nitaelewa. Ila yeye asibaki na jina lile kaburini.

Daftari limo ndani ya bahasha hii. Jalada la nyuma linaning'inia kwa uzi, ni mkono wangu. Anzia upande huo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, kama utakubali kuwaambia salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenilipia shule nijue kusoma.