Nilipompa Mwanangu Ampime

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba, shikamoo yako imefika mpaka huku Ilagala. Babu yako hajambo, anakula. Mimi mdogo wake wa mwisho huwa nacheka ukiniita bibi, maana juzi tu mimi na wewe tulikuwa tunasukana nywele.

Umeniuliza ufanyeje, akina mama wakimbizi hapo kliniki kwenu hawataki watoto wao wapimwe uzito. Ya vitabuni siyajui. Nakumbuka tu mwaka ule wakimbizi wa Burundi waliposhuka kwa maboti, nami nimempeleka Rehema kliniki, bado mchanga. Mama mmoja wa Kirundi, mwanawe amekonda sana, aliona mizani ya kuning'iniza kama ile ya kupimia samaki, migebuka, huko mwaloni. Akarudi nyuma.

"Oya, hapana! Mwanangu si mgebuka!"

Watu wakacheka, yeye akalia. Nesi akaninong'oneza, "Asipopimwa hapati chakula cha dawa, na huyu hawezi kungoja."

Nikamfungua Rehema mgongoni. "Dada, nipimie wangu."

Akampokea, akashtuka. "Yoo, huyu mnamlisha mawe?"

Akamtundika mwenyewe, taratibu, Rehema anarusha miguu. Kisha akamfungua wake, akanipa. "Nawe nipimie." Alikuwa mwepesi, nikaogopa kumbana. Nikamtundika, na siku ile akapata chakula chake.

Majuma machache baadaye tulikutana tena kwenye foleni. Hata salamu hakunipa, alinitupia mtoto tu mikononi, na mikono yangu, Zawadi, ikashuka kwa uzito.

Ni mimi, bibi yako mdogo,
Mama Rehema